Kuzuia maambukizi wodini: mwongozo kamili kwa nesi, kuanzia unapoingia zamu mpaka unapoikabidhi

Naandika hii kwa manesi wenzangu, kwa wanafunzi walioko mazoezini, na hata kwa ndugu anayeuguza mgonjwa nyumbani maana mambo mengi ni yale yale tu. Nimekaa wodini miaka mingi na kuna kitu kimoja kimenikaa kichwani: mgonjwa anakuja na ugonjwa wake, halafu anapata mwingine ambao tumembebea sisi, na mara nyingi sio kwamba hatunawi, tunanawa sana tu, ila tunanawa wakati sio. Nesi anamaliza kumwaga mkojo, ananawa vizuri kabisa, halafu anavuta pazia, anasogeza kiti, anaandika kwenye faili, anapokea simu, na kwa mikono hiyo hiyo anafungua kanula ya mgonjwa, ule mpira mdogo wa kwenye mshipa wa kupitishia dawa na dripu. Kunawa amenawa, lakini kanula imeshikwa na mkono mchafu.

Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga vile zamu inavyokwenda, ili kila saa uwe unajiuliza mkono wangu umetoka wapi na unaenda kushika nini.

Hatua ya 1: kabla hujaingia wodini

Kata kucha, zisizidi nusu sentimita, na kucha za bandia hapana kabisa hata kama ni fupi, wadudu wanajificha chini yake na sabuni haifiki. Vua pete, bangili na saa, mikono ya nguo ipandishe juu ya kiwiko. Ukiwa na kidonda au mchubuko mkononi funika na plasta isiyopitisha maji. Kama unaharisha au una homa na kikohozi mwambie msimamizi mapema, usijikaze, maana ukijikaza humsaidii mgonjwa wa kitanda cha kwanza aliyetoka kupasuliwa juzi.

Halafu chanjo ya homa ya ini B. Dozi ni tatu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu mwezi wa sita, na ukimaliza pima kinga mwezi mmoja hadi miwili baadaye ujue kama imeshika. Wengi wanachoma ya kwanza na ya pili halafu ya tatu inasahaulika. Huyu kirusi anaweza kukaa hai kwenye damu iliyokauka juu ya meza kwa siku 7, yaani doa ambalo hata hulioni. Kama hujamaliza nenda kamalize, nakuomba.

Hatua ya 2: mikono, na hapa nitakaa kidogo

Mwaka 1847 kule Vienna kulikuwa na daktari anaitwa Ignaz Semmelweis. Hospitali yake ilikuwa na wodi mbili za wazazi, moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga, na kwenye ile ya madaktari akina mama walikuwa wanakufa zaidi kwa homa ya uzazi kuliko ile nyingine. Alichogundua ni kwamba madaktari na wanafunzi walikuwa wanatoka kupasua maiti wanakwenda moja kwa moja kuzalisha. Akaamuru wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kumgusa mzazi, na vifo vikashuka sana. Wakati huo bado watu hawajakubaliana kwamba vijidudu ndio vinaleta ugonjwa, yeye aliangalia tu mkono umetoka wapi, basi. Ndio maana naipenda habari hii, ni kitu ambacho nesi yeyote anaweza kukiangalia hata kama hakuna maabara.

Shirika la Afya Duniani lina nyakati 5 za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi safi kama kuweka kanula au kufunga kidonda, baada ya kugusa au kuhisi umegusa damu na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka hata kama mgonjwa mwenyewe hukumgusa. Ukiangalia watu wakifanya kazi, ile ya tatu na ya nne wanaifanya bila kukumbushwa kwa sababu hapo wanajilinda wenyewe. Zinazosahaulika ni ya pili na ya tano. Ya pili ndio inamlinda mgonjwa asiingizwe mdudu mwilini, na inatakiwa ifanyike PALE PALE, sekunde ya mwisho kabla ya kugusa, sio ulipokuwa unatoka kwenye chumba cha manesi. Kwa hiyo panga vitu vyako vyote kwanza kwenye trei, vuta pazia, rekebisha kitanda, weka taa sawa, halafu ndio usafishe mikono na uanze. Ukigundua umesahau plasta ukaenda kuifuata, unaanza upya.

Kwa sanitaiza ya spiriti weka ya kujaa kiganja, sugua sekunde 20 hadi 30 mpaka mikono ikauke yenyewe, usipepee wala usifute kwenye gauni. Kwa sabuni na maji shughuli nzima ichukue sekunde 40 hadi 60. Kiganja kwa kiganja, kiganja juu ya mgongo wa mkono vidole vikiwa vimepishana, katikati ya vidole, migongo ya vidole, dole gumba la kila mkono kwa kuzungusha, halafu ncha za vidole kwenye kiganja. Dole gumba na ncha za vidole ndizo zinarukwa sana, na ndizo tunazishikia kila kitu, fikiria hilo. Kausha na taulo ya kutumia mara moja halafu taulo hiyo hiyo fungia bomba, mkono wenye maji unabeba na kuacha wadudu wengi kuliko mkono mkavu. Ile taulo moja ya kitambaa inayoning'inia karibu na sinki watu wote wanafutia, itoeni.

Sanitaiza lini na sabuni lini? Mikono ikiwa haionekani chafu, sanitaiza inatosha tena ni ya haraka na haichubui ngozi kama sabuni. Ikionekana chafu, ukitoka chooni, na ukiwa na mgonjwa wa kuharisha hasa anayeshukiwa kuwa na mdudu wa tumboni anayeitwa Clostridioides difficile, tumia sabuni na maji, kwa sababu huyo mdudu ana mbegu ngumu ambazo spiriti haiziui, zinatakiwa zioshwe zitoke. Na chupa ya sabuni ya maji ikiisha usiongezee juu ya mabaki, ioshe, ikauke, ndio uijaze. Mabaki ya sabuni huota wadudu, ndio utakuwa unanawa kwa maji machafu bila kujua.

Hatua ya 3: glavu sio ngozi yako

Nilipokuwa mwanafunzi nilimuogesha mgonjwa mmoja nikiwa na glavu, nikamsafisha haja kubwa, halafu glavu zile zile nikamrekebishia dripu, na nilikuwa naenda kitanda cha pili pale sista alipokishika kiwiko changu akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hizo glavu umezivaa kwa ajili ya nani?" Sikuwa na jibu. Nilizivaa kwa ajili yangu. Yule mgonjwa sijui nilimpelekea nini kwenye mshipa wake na mpaka leo nikivaa glavu naisikia ile sauti.

Glavu vaa pale unapotegemea kugusa damu, majimaji, kinyesi, utando wa ndani kama mdomo, au ngozi yenye kidonda. Kupima presha, kumgeuza mgonjwa mwenye ngozi safi, kumlisha, kumshika mkono akiwa na hofu, hivyo havihitaji glavu. Badilisha kati ya mgonjwa na mgonjwa, na badilisha kwa mgonjwa yule yule ukitoka sehemu chafu kwenda safi. Ukivua, safisha mikono, kwa sababu glavu huwa na vitobo usivyoviona na wakati wa kuvua mikono huchafuka. Usipake sanitaiza juu ya glavu ili uendelee nazo, zinadhoofika.

Hatua ya 4: vifaa vingine vya kujikinga, kuvaa na kuvua

Kabla ya kuvaa jiulize tu kitaruka nini na kitatua wapi. Damu inaweza kuruka usoni, vaa maski na miwani. Nguo inaweza kulowa, vaa epuroni au gauni. Kuvaa: safisha mikono, gauni, maski, miwani au ngao ya uso, mwisho glavu zikifunika mikono ya gauni. Kuvua ndio kwenye hatari na ndio tunafanya haraka haraka kwa sababu tumechoka na joto limetuzidi. Anza na glavu, ile ya kwanza ishike kwa nje uivue, ya pili ingiza kidole kwa ndani uigeuze. Safisha mikono. Miwani, shika kamba au mkono wake, usiguse mbele. Gauni, livue likigeuka ndani nje bila kugusa mbele. Maski mwisho, kwa kamba zake, halafu mikono tena. Maski iliyoshushwa kidevuni halafu ikarudishwa puani ni chafu pande zote mbili.

Aina ya maski inategemea ugonjwa unasafiri vipi. Mafua makali, kifaduro na homa ya uti wa mgongo ya meningokoka vinasafiri kwa matone ya mate na makamasi, maski ya kawaida ya upasuaji inafaa na vitanda viachane angalau mita 1. TB ya mapafu, surua na tetekuwanga vinaelea hewani muda mrefu, hapo nesi anavaa N95, maski nzito inayochuja hewa, iliyobana vizuri usoni, pumua nje kwa nguvu, ukisikia upepo pembeni irekebishe. Mgonjwa wa TB yeye anavaa maski ya kawaida akitoka chumbani, wakati mwingine naona imegeuzwa, mgonjwa kavalishwa N95 ambaye tayari anapumua kwa shida. Chumba kiwe na mlango uliofungwa upande wa wodi na madirisha yaliyofunguliwa nje. Upele na wale bakteria sugu kwa dawa kama MRSA wanapita kwa kugusana, hapo ni gauni, glavu na vifaa vya mgonjwa mwenyewe, mashine ya presha na kipimajoto visizunguke.

Hatua ya 5: sindano

Sefti boksi, lile boksi gumu la kutupia sindano, iwe ndani ya urefu wa mkono wako kabla hujamchoma mtu, usiibebe sindano wazi ukikatiza wodi. Usirudishie kifuniko. Ikibidi kabisa kabisa, kiweke kifuniko mezani ukichote kwa mkono mmoja. Boksi likifika robo tatu lifunge, usisindilie.

Sindano moja, bomba moja, mgonjwa mmoja, mara moja. Kuna wanaodhani kubadilisha sindano na kubaki na bomba lile lile inatosha, haitoshi, damu inarudi ndani ya bomba hata kama huioni. Kichupa cha dozi nyingi futa kizibo kwa spiriti kila unapochoma, andika tarehe uliyokifungua, na usiache sindano imechomekwa pale juu kwa ajili ya anayefuata.

Ukijichoma: acha kazi hapo hapo. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, usimwagie klorini. Damu ikiingia jichoni suuza kwa maji safi mengi. Kisha toa taarifa na uende upimwe pamoja na mgonjwa kwa ridhaa yake. Dawa za kinga dhidi ya VVU zianze haraka iwezekanavyo, masaa ya mwanzo ndio bora, na isizidi masaa 72, unatumia siku 28. Uwezekano wa kupata VVU kwa kuchomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi ni kama 0.3%, lakini homa ya ini B kwa asiye na kinga inaweza kufika 30%. Ndio maana kule juu niliisisitiza chanjo. Na kama mwenzako kajichoma usimseme, msindikize. Watu wanaficha kwa kuogopa kusemwa na masaa 72 yanapita.

Hatua ya 6: kanula, katheta na mipira mingine

Kila mpira unaouingiza mwilini ni mlango umeuacha wazi, kwa hiyo swali la kwanza ni kama unahitajika. Mgonjwa anayekunywa vizuri na dawa zake zimeshakuwa za vidonge, kanula inafanya nini pale?

Kanula: safisha mikono, paka dawa ya ngozi (klorheksidini yenye spiriti ni nzuri zaidi, spiriti 70% nayo sawa), IACHE IKAUKE yenyewe, usipulize, halafu usiguse tena pale kutafuta mshipa. Hii ya kurudi kupapasa baada ya kusafisha tunaifanya wengi. Andika tarehe na saa kwenye plasta. Kila unapochoma dawa sugua kwanza mdomo wa kanula kwa spiriti sekunde 15 na uache ukauke. Kila zamu ukiangalie kitobo, kikiwa chekundu, kimevimba, kinauma au mshipa umekuwa mgumu kama kamba, toa, usisubiri mzunguko wa daktari.

Katheta ya mkojo, yaani mpira wa kutoa mkojo kwenye kibofu: iwekwe kwa vifaa tasa (visivyo na mdudu yeyote), iungwe na mfuko na isifunguliwe tena pale kwenye maungio. Mfuko ukae chini ya kibofu muda wote, hata mgonjwa akihamishwa kwenye machela, lakini usiguse sakafu. Umwage ukifika theluthi mbili, kila mgonjwa na chombo chake, mdomo wa bomba usiguse chombo. Sampuli toa kwenye sehemu yake maalum, usichomoe mpira. Kusafisha ni sabuni na maji kila siku, dawa kali hazihitajiki. Na mgonjwa asiwekewe katheta kwa sababu tu kubadilisha shuka kunachosha, najua tuko wachache zamu ya usiku, lakini maambukizi ya mkojo kwa mzee yanaweza kupanda mpaka kwenye damu.

Mgonjwa wa mashine ya kupumulia inua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45 kama hakuna kizuizi, na kinywa chake kisafishwe kila zamu.

Hatua ya 7: vidonda

Anza na vidonda visafi, vyenye usaha mwisho, usifuate namba za vitanda. Subiri kama wametoka kufagia sasa hivi, vumbi bado liko hewani. Bandeji ya zamani toa kwa glavu za kawaida, tupa, vua, safisha mikono, ndio uvae glavu tasa au ushike forsepsi (koleo ndogo ya kushikia gozi). Kidonda cha upasuaji futa kutoka kwenye mshono kwenda nje, gozi moja mpapaso mmoja, usirudi nyuma. Troli isafishwe kila mgonjwa, na ile chupa ya dawa usiishike kwa glavu yenye usaha kwa sababu utaenda nayo wodi nzima.

Hatua ya 8: usafi wa mazingira na klorini

Klorini haifanyi kazi juu ya uchafu, damu na kinyesi vinaimaliza nguvu, kwa hiyo ondoa na osha kwanza. Damu ikimwagika: vaa glavu, funika kwa gozi au karatasi inyonye, kusanya, osha kwa sabuni na maji, halafu mwagia klorini 0.5% ikae dakika 10 ikiwa imelowa, futa.

Kuchanganya: chukua nguvu ya dawa uliyonayo, gawa kwa unayotaka, toa moja, jibu ndio sehemu za maji. Dawa ya 3.5% ukitaka 0.5%: 3.5 gawa 0.5 ni 7, toa 1 ni 6, yaani kikombe 1 cha dawa na vikombe 6 vya maji. Ya unga: unayotaka gawa kwa nguvu ya unga zidisha 1000, unapata gramu kwa lita, unga wa 70% ni kama gramu 7 kwa lita. Changanya upya kila siku, andika saa, funika ndoo. Usichanganye na tindikali wala dawa zenye amonia na usiimwage juu ya mkojo mwingi, inatoa gesi inayounguza mapafu. Usimpulizie mtu.

Kufuta ni kutoka safi kwenda chafu, juu kwenda chini, kitambaa kilichofuta kisirudi kwenye ndoo safi. Msisitizo uwe pale mikono inaposhika: kingo za kitanda, kitasa, kengele ya mgonjwa, kabati, mkanda wa presha, stethoskopu, na simu yako. Sakafu inayong'aa inapendeza lakini hakuna anayeishika halafu akashika kanula.

Vifaa vya upasuaji osha kwa brashi kabla ya kuvipika, uchafu uliokauka unawalinda wadudu. Vilivyofungwa kwenye pakiti ni nyuzi 121 za selsiasi kwa dakika 30 kwenye mashine ya mvuke. Utepe wa kwenye pakiti ukibadilika rangi unakwambia pakiti imepita kwenye joto tu, na pakiti iliyotoka imelowa sio tasa, rudisha. Shuka chafu usizikung'ute wala kuzikumbatia kifuani, zikunje ukiingiza uchafu ndani, mfuko uwe pale pale kitandani.

Hatua ya 9: kukabidhi zamu

Hapa ndio vitu vinapotea. Ukikabidhi usiseme tu "anaendelea vizuri", mtaje kila mgonjwa na mipira yake na siku yake: mama wa kitanda cha 4 ana katheta, leo siku ya 3, aliwekewa kwa ajili ya upasuaji, anaweza kutolewa asubuhi, kanula ya kushoto nimeitoa ilikuwa nyekundu, ya kulia ni ya leo saa 8 mchana. Sema nani anaharisha na ameanza saa ngapi, wawili wakiharisha siku moja mwambie msimamizi hata kama ni usiku. Sema sanitaiza imebaki kiasi gani, usimwache mwenzako aigundue chupa tupu akiwa tayari amevuta pazia. Futa simu na stethoskopu, badilisha nguo za kazi kabla ya kuondoka, zifue peke yake kwa maji ya moto, na mikono isafishe tena kabla ya kushika kitasa cha mlango wa kutokea.